Pigo la Alhamisi

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi)

Kama umo jikoni unakoroga uji, au uko njiani kwenda shamba na redio yako ndogo mkononi, endelea na kazi yako, nasi tutasema nawe polepole kwa dakika hizi chache. Mwenye Biblia karibu na aufungue unabii wa Ezekieli, sura ya 18, aweke kidole hapo, kisha atafute Injili ya Luka, sura ya 23. Tutazifikia sehemu hizo mbili, lakini si sasa hivi.

Tutaanza na mchezo wa gofu. Twajua kwamba wengine wenu mmecheka. Kwa miaka mingi gofu ilikuwa mambo ya wakubwa, na wazee wetu wengi waliujua uwanja wa gofu kwa upande wa nje wa ua, au kwa uzito wa mfuko waliombebea bwana mkubwa. Hata sisi wenyewe tumepita kando ya uwanja wa gofu wa hapa Machakos mara nyingi sana, tukiharakisha kwenda kwenye mazishi au kwenye kikao, bila kuuliza watu wale wanatafuta nini kwenye majani.

Lakini katika kwaya yetu yuko kijana mmoja ambaye riziki yake yatoka huko. Yeye ni mbeba mifuko, au kedi, kama wanavyojiita wenyewe. Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya tulimwuliza atueleze mchezo huo, kwa sababu kulikuwa na jambo lililokuwa likitusumbua, nasi tulitaka kuzungumza habari nyingine yoyote isipokuwa hilo. Akatoa mfukoni kadi ndogo ya karatasi ngumu, yenye mistari na vyumba vya tarakimu, akaiweka juu ya benchi.

Akatueleza hivi. Mchezaji wa gofu katika mashindano haandiki kadi yake mwenyewe. Huandikiwa na mwenzake anayecheza pamoja naye. Mwisho wa mchezo huisoma, akaitia sahihi, na akiisha kutia sahihi hapana maneno tena. Kila pigo huhesabiwa moja. Ukiupiga mpira ukaruka angani kama ndege na kuanguka mbali kuliko upande wa pili wa soko, hilo ni pigo moja. Ukiusukuma upana wa kiganja tu ili uingie shimoni, hilo nalo ni pigo moja. Mashimo ni 18 kwa siku, na mashindano makubwa huchezwa siku nne, tangu Alhamisi hadi Jumapili. Jumla ni mashimo 72. Mwenye mapigo machache kuliko wengine ndiye mshindi.

Kijana huyu huzungumza habari za gofu kama vile wazee wetu wazungumzavyo habari za ng'ombe. Alituambia juu ya mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, na jinsi wachezaji waliokuja kuwa mashuhuri duniani walivyoshinda hapa kwetu, kama vile Seve Ballesteros wa Hispania mwaka 1978, na Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986. Tulimwuliza ni Mkenya gani aliyewahi kuyashinda. Akanyamaza kidogo. Akasema kwamba hadi mwaka 2025 hapakuwa na hata mmoja. Aliyekaribia kabisa ni Jacob Okello, mwaka 1998. Siku zote nne zilikwisha, na Okello yuko sawasawa na Ricardo González wa Argentina, hesabu kwa hesabu, ikabidi warudi uwanjani kucheza ziada ili mmoja apatikane. Akapatikana González. Kijana wetu mwaka ule hakuwa amezaliwa, lakini alitusimulia kwa uchungu kama mtu aliyekuwa amebeba mfuko siku hiyo.

"Lakini Mchungaji," akasema, "kama wataka habari ya shimo la mwisho, iko moja inayosimuliwa na makedi wote." Akatuonyesha filamu yake katika simu yake ya mkononi, nasi tukaitazama tumeinamia kioo kile kidogo, mlinzi wa kanisa akiwa amesimama nyuma yetu na funguo zake, akingoja kufunga, kisha akasahau kufunga.

Ilikuwa mwaka 1999, mwezi wa Julai, huko Carnoustie katika nchi ya Scotland, katika mashindano ya Open, ambayo ni ya kale kuliko yote makubwa ya gofu. Siku ya Jumapili, Mfaransa mmoja aitwaye Jean Van de Velde alisimama penye kuanzia shimo la 18, shimo la mwisho kabisa, naye amewatangulia watu wote kwa mapigo matatu. Tangu mwaka 1907 hakuna Mfaransa aliyekuwa amelitwaa kombe lile. Shimo lile lilikuwa la urefu wa yadi 487, na mchezaji mwema hutazamiwa kulimaliza kwa mapigo manne. Yeye aliruhusiwa kutumia sita, na bado angekuwa mshindi. Mtu angeweza kusema kwamba kombe lilikuwa limekwisha kuandikwa jina lake.

Katika shimo lile kuna kijito kiitwacho Barry Burn, kinachojipinda kama nyoka. Pigo lake la kwanza lilikwenda upande wa kuume, mbali na njia, lakini kwa bahati mpira haukuingia majini. Hapo angeweza kuuweka mpira mbele kidogo tu, penye usalama, kisha akavuka kwa pigo jingine dogo. Hakufanya hivyo. Alichukua fimbo ndefu akalenga moja kwa moja penye bendera. Mpira ukaenda kugonga chuma cha jukwaa la watazamaji, ukarudi nyuma, ukagonga ukuta wa mawe wa kijito, ukaruka tena nyuma na kuangukia majani marefu. Kijana wetu alisema kwamba mtu akijaribu kuyafanya hayo kwa makusudi mara mia, hawezi. Pigo la tatu, kutoka katika majani yale, likatumbukia mtoni.

Ndipo likaja lile ambalo watu hulikumbuka mpaka leo. Bwana yule akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia majini. Akasimama ndani ya kijito, fimbo mkononi, akiutazama mpira wake chini ya maji, na maelfu ya watu wakimtazama yeye. Mwishowe akakubali kuutoa, akahesabiwa pigo moja la adhabu, na hilo likawa la nne. La tano likaingia katika handaki la mchanga. La sita likatoka mchangani, mpira ukasimama kiasi cha hatua mbili au tatu kutoka shimoni. La saba akauingiza.

Saba. Moja zaidi ya lile aliloruhusiwa. Sasa akawa sawa na watu wengine wawili, Justin Leonard wa Marekani na Paul Lawrie wa Scotland. Wote watatu wakarudi uwanjani kucheza mashimo manne ya ziada, na Lawrie akashinda. Huyo Lawrie alikuwa ameianza Jumapili ile akiwa nyuma ya Mfaransa kwa mapigo 10. Kutangulia si kufika. Hata hivyo, ajabu ni kwamba watu waliendelea kuzungumza habari za yule aliyeshindwa kuliko za aliyeshinda, na twaona kwamba Lawrie hakutendewa haki. Mtu amecheza siku yake njema kuliko wote, na ulimwengu unatazama miguu mitupu ya mwenziwe.

Tulipomaliza kutazama, sisi tulifanya kama wafanyavyo wahubiri wote. Tuliona hubiri limekwisha kujipanga lenyewe. Tulimwambia kijana, "Tazama kiburi kinavyomwangusha mtu mlangoni! Angejinyenyekeza akacheza kidogo kidogo, angekuwa mshindi." Kijana hakujibu. Aliomba kalamu, akageuza kadi yake, akaandika nyuma yake mistari mitatu, mmoja kwa kila mchezaji, siku kwa siku.

Van de Velde: 75, 68, 70, 77.

Lawrie: 73, 74, 76, 67.

Leonard: 73, 74, 71, 72.

Tukajumlisha. Hesabu haikuwa somo letu la nguvu hata tulipokuwa chuo cha theolojia, kwa hiyo tulijumlisha mara mbili. Kila mstari ulitoa 290. Kijana akatuuliza, "Mchungaji, ni pigo gani lililompokonya Mfaransa kombe lake?" Tukasema, lile la mtoni. Akaweka kidole juu ya ile 75 ya kwanza. "Kwa nini si moja la hizi, za Alhamisi? Angepiga 74 siku ya Alhamisi, angeingia mtoni vilevile, angevua viatu vilevile, angepata saba yake vilevile, na jioni ile angeondoka na kombe. Kadi haijui Alhamisi wala Jumapili. Sisi watu ndio tunaojua."

Ndugu msikilizaji, twakuambia kweli kwamba hatukulala vema usiku ule. Sababu ni ile habari tuliyosema ilikuwa ikitusumbua. Sasa tutaisimulia, ila mahali na majina tutayaacha, kwa sababu watu wake wako hai na baadhi yao yamkini wanasikiliza.

Katika kanisa moja la vilimani tulilolihudumia palikuwa na mzee aliyetunza hazina ya kanisa zaidi ya miaka 20. Kanisa lenyewe alikuwa amelijenga kwa mabega yake, pamoja na wengine. Walipasua mawe mlimani na kuyabeba, na mchanga waliutoa mtoni wakati wa kiangazi. Katika miaka yake yote ya hazina haikupotea shilingi. Kisha mwanawe wa pekee akafa barabarani, na mzee akaanza kunywa. Alianza kidogo, kisha akawa mtu wa kilabu cha sokoni. Aliondolewa katika hazina, akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana, na miaka miwili ikapita hivyo. Usiku mmoja wa mvua alianguka njiani akitoka kilabuni, na asubuhi watoto waliokwenda shule wakamkuta amekufa.

Baraza la kanisa likaketi, nasi tukiwa mwenyekiti. Swali lilikuwa kama jeneza lake lingeingizwa kanisani na kuzikwa kwa ibada kamili, au kama ingetosha msomaji kwenda nyumbani kufanya maombi mafupi. Tulikaa kwa saa tatu. Hatutaki mdhani kwamba waliokataa walikuwa watu wabaya. Mmoja wao, mzee mcha Mungu, alifungua Ezekieli 18 akatusomea pale nabii anapoonya kwamba mtu mwema akigeuka na kuishia katika uovu, wema wake wa zamani hautamfaa kitu. Akasema, "Tuna vijana wanaokunywa tangu asubuhi. Wanatutazama. Tukimzika huyu kama tulivyomzika mwinjilisti wetu, kesho tutawaambia nini?" Lilikuwa neno zito, na hata leo hatulidharau.

Basi tuliamua kwamba jeneza lisiingie. Na lisiingie wapi? Katika nyumba ambayo mawe yake aliyabeba yeye. Msomaji alikwenda nyumbani, maombi yakafanywa chini ya mwembe, na sisi hatukuwapo. Tulikuwa na kikao mahali pengine. Kikao hicho kilikuwapo kweli, lakini kingeweza kungoja.

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwetu jioni ile tulipomwuliza kijana habari za gofu. Naye, bila kujua, akaweka kidole mahali penyewe. Baraza letu lilikuwa limemwona mtu amesimama mtoni na suruali imekunjwa, likasema, huyu ndiye yeye, hakuna mwingine. Alhamisi yake tuliijua. Mawe yake tulikuwa tumeyakalia, kwa maana hata mabenchi ya baraza yalisimama juu ya msingi wake. Lakini tulihesabu shimo la mwisho peke yake.

Hapa mtu atasema, je, Mchungaji, wafundisha kwamba mwisho haudhuru? La. Shimo la mwisho lina jambo lake, nalo ni hili, kwamba baada yake hakuna shimo jingine la kurekebishia. Ukikosea la pili una mashimo 70 mbele yako. Ukikosea la mwisho huna kitu. Ndiyo maana mtume Paulo, alipokaribia kufa, alimwandikia Timotheo kwa furaha kwamba mwendo ameufikisha mwisho na imani hakuiacha njiani. Hakuichukulia kuwa jambo la kawaida, kwani alikuwa amewaona wengine, kama Dema, waliorudi nyuma. Wewe unayenywa, au uliyeanza kuchezea mali ya watu katika uzee wako, usitumie habari hii kama mto wa kulalia. Yule mzee aliwatia jamaa zake uchungu mwingi kwa miaka miwili, nao hawakuwa na kadi ya gofu ya kuwafariji.

Na sasa kuhusu Ezekieli. Rudi kwenye ile sura uliyoishika kwa kidole. Isome yote, usiishie pale alipoishia mzee wetu, na pale tulipomwachia sisi tuliosoma chuoni, ambao tulipaswa kusema neno tukanyamaza. Nabii anazungumza na nani? Anazungumza na watu walio hai. Anawasihi wageuke, anawauliza kwa nini wanataka kufa, na mwisho wa sura Mungu mwenyewe asema kwamba hafurahii kufa kwa mtu yeyote. Sura ile ilitolewa iwe mkono wa kumvuta mtu atoke mtoni. Sisi tulikuwa tumeichukua iwe rula ya kumpimia akiwa amekwisha kulala. Kama tungelimsomea mzee yule sura hiyo alipokuwa hai, tukiwa tumeketi naye nyumbani kwake, ingekuwa mahali pake. Katika miaka ile miwili tulimtembelea mara ngapi? Mara moja, na hiyo mara moja ilikuwa ni kwenda kuchukua vitabu vya hazina.

Ndiyo sababu tuliuliza pia juu ya jambo la mwandishi wa kadi. Kijana alisema kwamba mwenzako ndiye huandika mapigo yako, kwa kuwa ametembea nawe njia nzima, shimo kwa shimo. Asiyetembea nawe hawezi kuandika. Watazamaji waliojaa kwenye jukwaa la shimo la 18 wameona pigo moja au mawili, wanapiga makofi au wanazomea, lakini kalamu hawakupewa. Nasi baraza tulikuwa jukwaani, na bado tulishika kalamu.

Fungua sasa Luka 23. Pale msalabani yuko mhalifu ambaye kadi yake ilikuwa mbaya kutoka Alhamisi hadi Jumapili. Yeye mwenyewe alikiri kwamba anapata malipo ya haki. Hakuwa na jiwe hata moja alilolibeba mahali popote. Shimo lake la mwisho lilikuwa ombi fupi tu, akumbukwe. Aliyekuwa karibu naye alikuwa na haki ya kuandika, naye aliandika kwamba siku hiyohiyo watakuwa pamoja peponi. Sisi wachungaji tunalihubiri jambo hilo kila Ijumaa Kuu, na watu hulia. Twafurahi sana mtu mbaya akifanya vema mwisho. Lakini mtu mwema akianguka mwisho, rehema yetu inakwisha ghafla, kana kwamba Yesu alikuwa na neno kwa aina moja tu ya kadi. Petro naye alimkana Bwana usiku wa mwisho. Yeye alipata asubuhi nyingine kando ya ziwa. Mzee wetu asubuhi yake ilimkuta njiani, penye mvua. Je, tofauti hiyo ilikuwa ya imani yao, au ya saa tu? Hatuwezi kujibu, na baraza halikuweza kujibu, ila lilijibu.

Juma lililofuata tuliwaita wazee wawili wa baraza, mmoja wao ni yule aliyesoma Ezekieli, tukapanda mlimani kwenda kwa mjane. Hatukumpelekea mashairi. Tulimwambia kwamba tulikosea, kwamba jeneza lilipaswa kuingia, na kwamba mwenyekiti alipaswa kuwapo. Yule mzee wa Ezekieli alisema maneno machache kwa Kikamba, akamwita mwaitu, mama yetu, na sauti yake ikakatika.

Mama alikuwa akichambua maharagwe katika ungo. Hakuacha kuchambua. Akatuuliza, "Mliwahi kuuliza alikuwa akirudije nyumbani usiku?" Tukasema hatukuuliza. Akasema, "Alikuwa akirudi amelewa, anashika mlango, haingii. Anauliza, 'Mmeomba?' Tukisema bado, anasimama palepale nje, hata kukiwa na mvua, kwa sababu yeye alisema hastahili kuomba nasi. Tunaomba, anangoja. Tukisema amina, naye husema amina huko nje, ndipo anaingia. Miaka miwili. Hakukosa hata usiku mmoja, isipokuwa huo ambao hakufika."

Katika ile filamu ya Carnoustie kuna jambo dogo ambalo watu hawalisimulii, kwa sababu wakifika mtoni wameridhika. Baada ya mto na adhabu na mchanga, mpira ukiwa umesimama zile hatua mbili tatu kutoka shimoni, Mfaransa yule alikuwa amekwisha kuaibika mbele ya dunia nzima. Angeukosa mpira ule mmoja, asingeshiriki hata mashimo ya ziada. Mikono ya mtu saa kama ile hutetemeka. Naye aliupiga, ukaenda moja kwa moja, ukaingia. Aliinua mkono wake kwa furaha, kama mtu aliyeshinda. Na baadaye, waandishi wa habari walipomzunguka, aliwakumbusha kwamba ule ulikuwa mchezo tu, na kwamba duniani kuna misiba mikubwa kuliko huo. Tuliirudia filamu ile ili tulione pigo hilo la saba peke yake. Mara ya kwanza tulikuwa hatukuliona kabisa.

Mama alipomaliza maharagwe yake alimwita mjukuu alete viti, maana mpaka hapo tulikuwa tumesimama. Akatupa chai. Hakusema kwamba ametusamehe, nasi hatukumwuliza. Tulipokuwa tukiondoka alisema kwamba kaburi halina msalaba, na kwamba fundi wa pale sokoni anataka pesa kwanza. Yule mzee wa Ezekieli akajibu kabla yetu, akasema mbao anazo.

Msalaba ulisimamishwa Jumamosi, nasi tulikuwapo. Kijana wa kwaya alikuja pia, ingawa Jumamosi ndiyo siku ambayo makedi hupata kazi nyingi.

Tuombe. Bwana Yesu, twakukabidhi wale waliolala usiku huu tukiwa tumewahesabia vibaya. Wape jamaa zao neema ya leo. Na yeyote asikilizaye sasa akiwa amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, akingoja wengine waombe, umfungulie. Amina.